Pinotage Katika Joto Letu: Namna ya Kuichagua, Kuitunza na Kuinywa

Simama mbele ya rafu ya mvinyo mwekundu katika duka kubwa la Nairobi au Dar es Salaam na utaona chupa nyingi zilizotoka Afrika Kusini. Pembeni ya Cabernet na Merlot, ambazo karibu kila mnywaji anazijua, kuna jina ambalo wengi hulipita: Pinotage. Wapo waliowahi kuinunua mara moja, wakaifungua mchana wa Februari ikiwa na joto lilelile la sebule ya Mombasa, wakakuta kinywaji kizito kinachochoma koo. Hawakurudia tena, na sishangai.

Nashauri warudie, lakini kwa namna nyingine. Pinotage ni mvinyo mzito, mweusi kwa rangi, wenye moshi na matunda ndani yake, na sijui mvinyo mwekundu unaopatikana kwetu unaoelewana na nyama choma kuliko huu. Adui yake mkubwa ni joto. Joto huuvizia kiwandani, kwenye kontena bandarini, juu ya rafu ya duka, ndani ya kabati lako la jikoni, na mwisho ndani ya glasi. Hatua mbili za mwanzo huna uwezo nazo. Tatu zilizobaki ziko mikononi mwako, na mwongozo huu unazihusu hizo.

Zabibu iliyonusurika magugu

Kwanza ujue unakunywa nini, kwa sababu tabia za mvinyo huu zinatokana na wazazi wake.

Mwaka 1925 Profesa Abraham Izak Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alichavusha aina mbili za mizabibu. Mzazi mmoja ni Pinot Noir wa Burgundy, Ufaransa: una harufu nzuri kupita kiasi, lakini unadeka, unaugua haraka, na hauchukuliani na jua kali. Mwingine ni Cinsaut wa kusini mwa Ufaransa, mvumilivu wa joto na mwingi wa mazao, ambao wakati huo Waafrika Kusini waliuita Hermitage. Perold alitaka mtoto mwenye harufu ya mmoja na uvumilivu wa mwingine. Jina nalo likaunganishwa hivyohivyo.

Alipata mbegu nne tu. Alizipanda katika bustani ya nyumba yake kwenye shamba la majaribio la Welgevallen, na mwaka 1927 akahamia Paarl kufanya kazi na KWV, ushirika mkubwa wa wakulima wa zabibu. Nyumba ikabaki tupu, bustani ikamezwa na magugu, na wafanyakazi wakatumwa kuifyeka. Mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, aliyekuwa na habari za miche ile, ndiye aliyeiokoa. Ikahamishiwa chuo cha kilimo cha Elsenburg, ambako C. J. Theron aliibebesha kwenye mashina yenye nguvu. Mvinyo wa kwanza ulitengenezwa hapo mwaka 1941. Wanunuzi waliliona jina la Pinotage kwenye lebo kwa mara ya kwanza mwaka 1961, kwenye chupa ya Lanzerac ya mavuno ya 1959.

Mtoto hakufanana na wazazi. Ganda lake ni nene, rangi yake nzito kuliko ya wote wawili. Huiva mapema na kukusanya sukari nyingi. Hamira hugeuza sukari kuwa kilevi, ndiyo maana chupa nyingi za Pinotage zina asilimia 14 au zaidi. Kumbuka tarakimu hiyo, maana tutairudia tunapofika kwenye kiasi cha kunywa.

Kwa nini ilisemwa vibaya

Mwaka 1976 kundi la mabingwa wa mvinyo kutoka Uingereza lilitembelea eneo la Rasi, Afrika Kusini, likaikosoa Pinotage vikali. Lawama hazikutoka hewani. Zabibu hii inapochachuka, hamira inaweza kuzalisha kwa wingi kemikali ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Ikiwa kidogo, inapendeza. Ikizidi, glasi hunuka rangi ya mafuta. Tena maganda hutoa rangi na ukakasi haraka sana, kwa hiyo mtengenezaji akiyaacha ndani ya juisi kupita kiasi, mvinyo unabaki na uchungu.

Mambo hayo yanarekebishika, na yalirekebishwa. Watengenezaji walijifunza kuvuna zabibu zikiwa zimeiva vizuri, kuangalia joto la uchachushaji saa kwa saa, na kutenga maganda mapema. Mwaka 1991 Beyers Truter wa shamba la Kanonkop, Stellenbosch, alitajwa kuwa mtengenezaji bora wa mwaka katika shindano kubwa la kimataifa la mvinyo lililoandaliwa London, akiwa Mwafrika Kusini wa kwanza kupata heshima hiyo, na Pinotage ndiyo iliyombeba. Hadi leo Kanonkop huchachusha kwenye matangi ya wazi ya zege, na maganda yanayoelea husukumwa chini kwa mikono usiku na mchana. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Sasa zamu ya kuilinda kazi hiyo ni yako.

Dukani: hatua saba kabla ya kulipa

1. Angalia chupa inasimama wapi. Chupa iliyo dirishani au chini ya taa kali inayotoa joto iache hapo. Mwanga na joto huua matunda ndani ya mvinyo, na yanayobaki ni ladha ya jemu iliyopikwa mno. Ukiona chupa zilizo mbele zina vumbi, omba iliyotoka stoo.

2. Kagua shingo. Kizibo kilichosukumwa juu kikainua kifuniko chake, au shingo yenye utelezi unaonata, ni dalili kwamba chupa ilipata joto kali, mvinyo ukatanuka na kuvuja. Usiinunue hata kwa nusu bei.

3. Hakiki stempu ya kodi. Chupa za bandia zipo. Kenya tumia programu ya KRA iitwayo Soma Label, na Tanzania ile ya TRA iitwayo Hakiki Stempu. Elekeza kamera ya simu kwenye stempu, usubiri jibu. Muuza duka akikasirika kwa hilo, tafuta duka jingine.

4. Soma mwaka. Afrika Kusini iko kusini ya Ikweta, na Pinotage huvunwa mapema, kati ya Januari na Machi. Basi chupa ya 2023 ni zabibu zilizokatwa mwanzoni mwa 2023. Kwa Pinotage ya bei ya kawaida chagua yenye umri wa mwaka mmoja hadi minne. Chupa rahisi yenye umri wa miaka minane katika duka lisilo na kiyoyozi haikuzeeka kwa heshima, imechoka tu.

5. Soma mahali. Stellenbosch hutoa Pinotage zenye nguvu na mpangilio mzuri. Swartland, kaskazini mwa Cape Town, ni kukavu zaidi, na mvinyo wake mara nyingi una udongo na viungo. Paarl na Wellington ni maeneo ya joto, mvinyo wake ni mnene na wenye matunda yaliyoiva sana. Chupa iliyoandikwa "Western Cape" peke yake imekusanya zabibu kutoka sehemu nyingi. Si dhambi, na kwa mlo wa kawaida inatosha.

6. Soma asilimia ya kilevi. Kama hupendi mvinyo unaochoma, tafuta asilimia 13.5 hadi 14. Ikifika 15, utaihisi kooni hata ikiwa baridi.

7. Tazama kifuniko. Watu wengi bado wanadhani kifuniko cha kusokota ni alama ya mvinyo duni. Kwa hali ya hewa yetu mimi hukichagua kwa makusudi: hakikauki, hakisukumwi nje kirahisi, na hakiambukizi mvinyo harufu ya ukungu kama kizibo cha gome la mti kinavyoweza kufanya.

Kisanduku: maneno ya lebo na maana yake

*Pinotage* – kwa sheria ya Afrika Kusini, walau asilimia 85 ya mvinyo ni zabibu hiyo.

*Wine of Origin* au *W.O.* – mfumo wa kuthibitisha asili ulioanza mwaka 1973. Ukiona W.O. Stellenbosch, zabibu zote zimetoka Stellenbosch. Kwenye shingo ya chupa iliyothibitishwa kuna ukanda mdogo wenye namba.

*Cape Blend* – mchanganyiko wa zabibu nyekundu ambao Pinotage ina sehemu kubwa ndani yake. Hakuna sheria inayotaja kiwango, hivyo soma lebo ya nyuma.

*Bush Vine* – mizabibu iliyoachwa isimame kama vichaka bila kutandazwa kwenye waya. Huzaa kidogo, na zabibu zake huwa na ladha nzito.

*Certified Heritage Vineyards* – muhuri wa mizabibu yenye umri wa miaka 35 na zaidi, na mwaka wa kupandwa umeandikwa juu yake. Ukiukuta kwenye Pinotage na mfuko unaruhusu, chukua.

*Reserve* – usiongeze pesa kwa ajili ya neno hili peke yake. Tazama jina la shamba.

Neno kuhusu Pinotage ya "kahawa"

Utakutana na chupa zenye maneno *coffee*, *mocha* au *chocolate*. Ndani hamna kahawa. Ladha hiyo inatokana na mbao za mwaloni zilizobanikwa sana, zikisaidiwa na aina fulani ya hamira. Mtindo huu ulianzia shamba la Diemersfontein, Wellington, kwa mavuno ya 2001, chini ya mtengenezaji Bertus Fourie, na ukaenea upesi kwa sababu watu waliupenda.

Sina ugomvi nao. Kwa mtu aliyezoea soda na vinywaji vitamu ni mlango mzuri wa kuingilia. Lakini moshi wa mbao huifunika zabibu, na ukiishia hapo utadhani umeijua Pinotage kumbe umeonja pipa. Fanya hivi: nunua moja ya mtindo wa kahawa na moja ya kawaida ya Stellenbosch, zifunge gazeti, mwombe mwenzako amimine bila kukuambia, kisha onja zote mbili kabla na baada ya kula. Utajifunza mengi kwa jioni hiyo moja kuliko kwa kusoma lebo mwaka mzima.

Nyumbani: mahali pa kuiweka

Mvinyo hupenda giza, utulivu na nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi. Nyumba nyingi za pwani hazipati hali hiyo hata usiku wa Julai. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa mkazi wa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar ni kununua kwa ajili ya wiki hii au ijayo, si kwa ajili ya Krismasi.

Kabati lililo juu ya jokofu ni pabaya kuliko pote, maana jokofu hutoa joto mchana kutwa. Juu ya jiko ni vivyo hivyo. Sehemu nzuri ni sakafuni ndani ya kabati la chumba kisichopigwa na jua la mchana, chupa ikiwa imelazwa kama ina kizibo cha gome ili kizibo kisikauke. Yenye kifuniko cha kusokota inaweza kusimama.

Je, jokofuni? Ndiyo, kwa wiki chache haina madhara, na ni bora mara kumi kuliko kabati lenye nyuzi 31. Utaitoa mapema kabla ya kunywa, basi.

Usiiache kwenye gari. Buti la gari lililoegeshwa juani hufika joto la kupika mvinyo ndani ya saa chache, na hata kama unatoka dukani kwenda harusini, chupa ikae nawe ndani ya gari palipo na ubaridi.

Siku ya mlo: kuipoza, kuifungua, kuipa hewa

Huenda umesikia kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Ushauri huo ulitoka Ulaya, katika nyumba za kale zilizokuwa na nyuzi 16 au 17. Chumba chako kina nyuzi 28. Kwenye joto hilo kilevi huruka puani kabla ya kitu kingine chochote, matunda yanajificha, na Pinotage yenye asilimia 14 inageuka moto mdomoni. Lenga nyuzi 16 hadi 18. Ukishika chupa iwe ya ubaridi dhahiri mkononi, lakini isiwe imetoka jasho kama soda.

Fuata hatua hizi:

1. Ipoze. Kama nyumba ni ya pwani na chupa ina nyuzi 30, iweke jokofuni kwa saa moja na nusu hadi mbili. Nairobi, Arusha au Kigali, dakika 40 hadi 50 zinatosha. Wageni wakiwa wamefika na hujajiandaa, jaza ndoo maji na barafu, zamisha chupa mpaka shingoni kwa dakika 10 hadi 15. Maji lazima yawepo, kwani barafu pekee hugusa chupa sehemu chache tu.

2. Ifungue na unuse. Kwa kizibo cha gome, ingiza kizibuo katikati, zungusha mpaka karibu na mwisho, vuta polepole. Kizibo kikikatika na vipande kuingia ndani, chuja kwa kichujio safi cha chai. Mvinyo haujaharibika.

3. Ionje kidogo kabla ya kumimina kwa mtu yeyote. Kama inanuka mpira ulioungua au kiberiti, usiogope: mara nyingi harufu hiyo huondoka na hewa.

4. Ipe hewa. Mimina chupa nzima ndani ya jagi la kioo, lile la juisi linafaa, mradi limesuuzwa vizuri na halinuki sabuni. Iache dakika 20 hadi 30. Pinotage changa hulainika waziwazi, na ule ukakasi unaokausha ulimi kama umekula bibo hupungua makali. Kwa pwani, weka jagi ndani ya beseni lenye maji baridi wakati ukisubiri, la sivyo utapoteza ubaridi wote ulioutafuta.

5. Mimina kidogo, theluthi ya glasi. Glasi iliyojaa hupata joto kabla hujafika nusu, tena haiachi nafasi ya harufu. Shika glasi kwenye mguu wake, usiikumbatie kwa kiganja.

6. Sasa izungushe taratibu, unuse, unywe fumba dogo, ulitembeze mdomoni. Tafuta zambarau zilizoiva, forosadi, moshi wa kuni, udongo baada ya mvua, pengine ndizi mbivu kwa mbali. Usipovipata vyote hakuna kilichoharibika. Kitu cha kupima ni kama matunda, ukakasi na ukali wa kilevi vimelingana, au kimoja kinapiga kelele juu ya vingine.

Ikiwa chupa ni ya umri mkubwa utaona mashapo meusi chini. Hayana madhara. Isimamishe saa kadhaa kabla, umimine bila kuitikisa, na uache vidole viwili vya mwisho.

Mezani

Hapa ndipo Pinotage inapostahili nafasi yake. Kwao Afrika Kusini hunywewa kando ya *braai*, nyama inayochomwa juu ya makaa, na sababu yake inaeleweka: ukakasi wa mvinyo hushikana na protini ya nyama badala ya kushikana na mate yako, mafuta hulainisha ulimi, chumvi hupunguza uchungu, na moshi wa nyama unakutana na moshi uliomo ndani ya mvinyo. Sisi nasi tuna makaa yetu. Mbavu za mbuzi zilizochomwa kwa moto mpaka kingo zake zikawa nyeusi kidogo ndizo chaguo langu la kwanza. Mishkaki ya ng'ombe yenye kitunguu saumu na tangawizi inafuata. Bata wa kuchoma, maini yasiyopikwa sana, nyama ya kukausha iliyoungwa kwa karanga, vyote vinakwenda.

Pilau ya nyama inashangaza watu. Bizari nzima, mdalasini na karafuu haviupingi mvinyo huu. Vinauamsha. Sharti nyama iwe nyingi na pilipili iwekwe pembeni.

Pilipili ndiyo kikwazo kikubwa. Kilevi huongeza muwasho wa pilipili, na asilimia 14 huongeza sana. Kama nyama yako lazima iende na pilipili ya kupondwa, chovya kidogo, au ubadilishe kinywaji. Kachumbari yenye ndimu nyingi nayo huufanya mvinyo uonekane mtupu, kwa hiyo punguza ndimu na uongeze chumvi. Samaki wa mafuta na dagaa viepuke kabisa, kwani vikikutana na mvinyo mwekundu wenye ukakasi huacha ladha ya chuma mdomoni. Na samaki wa kupaka ana nazi na ndimu, huyo mwache na kinywaji chake.

Kwa asiyekula nyama, maharage yaliyochemshwa na kukaangwa kwa kitunguu na nyanya mpaka yakawa mazito yanaweza kuubeba mvinyo huu. Uyoga wa kuchoma pia, vizuri sana.

Wageni, kiasi na usalama

Mezani petu hukaa watu wa dini na desturi mbalimbali. Andaa kinywaji kisicho na kilevi chenye hadhi sawa, juisi ya ukwaju au rozela iliyopozwa, na ukiweke kwenye glasi nzuri kama zile za mvinyo. Usipike mchuzi kwa mvinyo bila kuwaambia wageni wote kabla hawajajipakulia. Si kweli kwamba kilevi chote huisha kwa kuchemka, na kwa Mwislamu suala haliishii kwenye kiasi kilichobaki. Kumficha ni kumkosea.

Kuhusu kiasi, hesabu hii itakusaidia. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150. Glasi moja ya ukubwa huo yenye asilimia 14 ina kilevi karibu sawa na chupa ya bia ya nusu lita. Anayesema "nimekunywa glasi tatu tu" amekunywa kama bia tatu kubwa, na mvinyo mzito wenye matunda huficha jambo hilo vizuri. Mjamzito asiutumie kabisa. Anayetumia dawa amuulize mfamasia au daktari kwanza. Mwenye usukani asinywe hata kidogo, na ipangwe mapema nani atawarudisha watu.

Weka maji mezani, glasi ya maji kwa kila glasi ya mvinyo.

Makosa yanayorudiwa

☐ Kutia vipande vya barafu ndani ya glasi kwa sababu mvinyo una joto. Barafu inayeyuka na kuuzimua. Poza chupa.

☐ Kuipoza kupita kiasi. Ikitoka jokofuni na nyuzi 5, ukakasi na uchungu hujitokeza na harufu hulala. Mimina, usubiri robo saa.

☐ Kuifungua saa tano kabla na kudhani imepata hewa. Hewa inayoingia kupitia tundu la shingo ni kidogo mno. Lazima imiminwe.

☐ Kuanza na Pinotage kisha kwenda kwenye mvinyo mwepesi. Huo wa pili hautasikika. Mwepesi utangulie.

☐ Kuihukumu bila chakula. Mvinyo huu ulitengenezwa kwa ajili ya meza.

Ukibaki, na ukiwa mbovu

Mvinyo uliobaki ufunge vizuri na uurudishe jokofuni usiku huohuo, wala usiuache kaunta mpaka asubuhi. Utakaa vizuri siku mbili hadi nne. Ukiuhamishia kwenye chupa ndogo iliyojaa mpaka juu, utadumu zaidi, kwa sababu hewa iliyobaki ni kidogo.

Ubovu wa kweli una dalili zake. Harufu ya katoni iliyolowa au gunia bichi la stoo ni ugonjwa wa kizibo, hauondoki kwa hewa. Harufu kali ya siki au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ikibaki hata baada ya nusu saa jagini, ina maana mvinyo umeharibika. Ladha ya jemu iliyoungua bila tunda lolote bichi ndani yake ni joto. Katika hali zote hizo acha kunywa, rudisha mvinyo ndani ya chupa, ifunge, na uirudishe dukani kesho yake ukiwa na risiti. Chupa iliyobaki karibu imejaa ni ushahidi. Chupa tupu ni hasara yako.

Ukitaka kuilaza

Pinotage ya shamba zuri inaweza kukaa miaka kumi na zaidi, na ikikomaa ukakasi unalainika, zambarau zinageuka matunda makavu, ngozi na tumbaku. Kwa mkazi wa pwani asiye na kabati maalumu la ubaridi, sishauri kabisa. Kwa aliye Nairobi, Iringa, Mbeya au Kigali, kabati la chini lenye giza katika chumba kinachotazama upande usiopata jua linaweza kuhifadhi chupa miaka mitatu au minne bila wasiwasi mkubwa. Pima kwanza: weka kipimajoto ndani ya kabati hilo kwa wiki mbili za msimu wa joto, usome mchana na alfajiri. Kikibaki chini ya nyuzi 20 na tofauti ya mchana na usiku ikiwa ndogo, endelea.

Nunua chupa tatu za aina moja na mwaka mmoja. Andika tarehe ya kununua kwenye karatasi, uibandike shingoni, uzilaze zote. Ya kwanza ifungue baada ya mwaka na uandike ulichokionja, ya pili mwaka unaofuata. Ikiwa ya pili imekuwa laini na bado ina matunda, ya tatu iache. Ikiwa imeanza kukauka, ifungue ya tatu mwezi huohuo.